Itaendelea

Neno la kwanza la Kireno kulijua maishani lilikuwa "continua", yaani "inaendelea", na nililijua kabla sijajua kwamba kuna lugha inaitwa Kireno. Kwetu Masasi lilikuwa la kila mtu aliyekwama. Gari likizama kwenye tope njia ya Newala, abiria wakashuka kusukuma, hakosi mmoja wa kupaza sauti: "Aluta kontinyua!", mapambano yanaendelea. Baba mdogo alilitumia hata mezani. Akiongezewa ugali, anainua ngumi kwanza ndipo anamega. Lilibaki kwetu tangu enzi za FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipokuwa na kambi yao Nachingwea na wakimbizi wakivuka Ruvuma na watoto mgongoni. Sisi tuliozaliwa baadaye tulilikuta limeshakuwa letu, kama kisu cha babu ambacho hakuna anayeuliza kilitoka wapi.

Nilikutana nalo tena mwaka 2012, Lisbon, Jumamosi moja ya Februari. Nilikuwa na miezi minne tangu nifike, mwanafunzi mwenye Kireno cha kuombea maji na kuulizia treni. Nilikwenda Feira da Ladra kutafuta sufuria. Hilo ni gulio la Jumanne na Jumamosi kwenye uwanja wa Campo de Santa Clara, nyuma ya kanisa la São Vicente de Fora. Watu wanatandika mablanketi chini na kumwaga kila kitu: vijiko, mabomba ya maji, vitasa visivyo na funguo, picha za harusi za watu wasiojulikana. Ukizoea soko la Karume, Dar, hutapotea, ila huku hakuna anayekuvuta mkono.

Chini ya meza ya mzee mmoja palikuwa na sanduku la magazeti ya katuni yaliyogeuka rangi ya chai. Nikachomoa moja bila kutazama. Farasi amesimama kwa miguu ya nyuma, mpanda farasi anaelekea kuanguka, na chini kabisa, ndani ya mabano, neno moja: (Continua). Nilicheka peke yangu. Mzee akaniuliza kinachonichekesha. Sikuwa na Kireno cha kumweleza habari za ugali wa baba mdogo, basi nikanunua matatu kwa euro tano na nikarudi nyumbani bila sufuria.

Gazeti lenyewe liliitwa O Mosquito, yaani Mbu. Kwetu mbu ni homa, kwao alikuwa gazeti la watoto. Lilianzishwa tarehe 14 Januari 1936 na watu wawili: António Cardoso Lopes, aliyesaini michoro yake kwa jina la Tiotónio, na Raul Correia aliyeandika. Bei ilikuwa sentavo 50, nusu ya escudo, sarafu ya Ureno ya wakati huo, pesa ambayo mtoto angeweza kuipata kwa kutumwa dukani na kuchelewesha chenji. Kwa miaka kadhaa lilitoka mara mbili kwa wiki. Lilipofungwa mwaka 1953 lilikuwa limepitisha matoleo 1,400, na ndani ya karibu kila moja kuna mtu aliyeachwa ananing'inia kwenye jabali hadi toleo lijalo.

Nilijifunza Kireno humo. Si ushauri ninaompa mtu, nasema kilichonitokea. Katika magazeti mengi ya Ureno ya miaka ya 1930 na 1940 maelezo hayakukaa kwenye viputo vinavyotoka midomoni mwa watu. Yalichapwa chini ya picha, aya nzima nzima, kwa lugha ya kitabuni. Kwa mwanafunzi hii ni neema. Picha inakuambia mtu amechomoa upanga, aya inakupa neno la upanga, la ala yake, na la mng'aro wa chuma kwenye jua. Nilikuwa na daftari la maneno. Baada ya miezi sita nilijua majina ya tanga zote za merikebu na sikujua neno la kikaango.

Jioni nilikuwa nasafisha ofisi. Siku moja nilimwomba msimamizi wangu funguo za ghorofa ya tatu, na nikatumia kauli niliyoiokota kwa maharamia: "Entregai-me as chaves!", nikabidhini funguo! Hiyo ni amri ya wingi wa heshima wa kizamani, ambao Lisbon ya leo unausikia kanisani tu. Yule mama aliegemea dekio lake akacheka mpaka machozi. Akasema nazungumza kama mfalme aliyefukuliwa. Tangu siku hiyo akawa ananiita "Vossa Majestade", Mtukufu Mfalme, na nadhani ndiyo sababu alianza kunisahihisha Kireno changu kwa upole ambao wanafunzi wenzangu hawakuupata popote. Kwa hiyo sijutii.

Kilichonichanganya zaidi ni majina. Mzee wa gulioni alinisifia hadithi za mpelelezi wa Kimarekani Rip Kirby, akaniambia zimo kwenye Mundo de Aventuras, gazeti lililoanza Agosti 1949 na kudumu mpaka Januari 1987. Nikanunua rundo la miaka ya 1950, nikapekua wiki nzima. Hakuna Rip Kirby. Yupo Rúben Quirino mwenye sura ileile, miwani ileile na kiko kilekile. Utawala wa Salazar, dikteta wa Ureno, uliweka masharti kuhusu fasihi ya watoto mwaka 1950, na wachapishaji wakaona usalama uko kwenye kuwabatiza mashujaa upya. Steve Canyon akawa Luís Ciclone. Johnny Hazard akawa João Tempestade. Baadaye, kwenye gazeti dogo la Falcão, rubani wa Kiingereza Battler Britton akageuzwa Meja Alvega, baba Mreno wa Ribatejo, mama Mwingereza, ili anayewadungua Wajerumani angani awe walau nusu mwana wa nchi. Mimi nisingewacheka sana. Sisi tulimchukua mshairi wa Baghdad tukamfanya Abunuwasi, na mpaka leo ukimwambia mtoto wa Tanga kwamba yule hakuwa mtu wa pwani atakubishia.

Kwenye kurasa za magazeti hayo kulikuwa pia na maneno madogo yaliyonichukua muda kuyaona: "Visado pela Comissão de Censura". Limepitiwa na tume ya udhibiti. Ukishayaona mara moja huwezi kuacha kuyaona. Kuna mtu mzima, mwenye tai, aliyekaa ofisini akasoma ng'ombe na wachunga ng'ombe wote hawa kabla ya mtoto wa sentavo 50.

Sasa nifike kwenye lile lililonikaa kooni. Kabla ya O Mosquito kulikuwa na O Papagaio, Kasuku, lililoanza mwaka 1935 chini ya Adolfo Simões Müller. Wareno wanajivunia gazeti hili na wana haki. Mwaka 1936 lilianza kumchapisha Tintin, shujaa wa katuni wa mchoraji Mbelgiji Hergé, na Ureno ikawa nchi ya kwanza isiyozungumza Kifaransa kumpokea. Tena lilimchapisha kwa rangi wakati kwao Ubelgiji bado alikuwa mweusi na mweupe. Mbwa wake walimwita Rom-Rom. Yote mazuri. Lakini ile safari yake ya Kongo, waliyoichapisha mwaka 1939, kwa Kireno iliitwa "Tim-Tim em Angola". Wachoraji hawakusumbuliwa. Miti ileile, mto uleule, watu walewale wenye midomo kama maandazi, wanamsujudia kijana yuleyule. Lilibadilishwa jina la nchi tu, kwa kuwa Wabelgiji walikuwa na Kongo na Wareno walikuwa na Angola.

Nilikaa na kurasa hizo muda mrefu kwenye maktaba. Hasira ya michoro nilikuwa nayo tayari, ni hasira ya zamani, nilikuwa nayo hata kwa Lothar, msaidizi Mwafrika wa mchawi Mandrake kwenye katuni, aliyevikwa ngozi ya chui akiwa mwana wa mfalme. Hii ilikuwa nyingine. Mchoraji aliyekosea sura ya Mkongo, angalau alidhani anamchora Mkongo. Mhariri aliyeandika "Angola" juu ya picha hiyohiyo alikuwa anakiri kwamba kwake yeye hakuna sura ya kukosea. Mchana huo nilimpigia simu rafiki yangu wa Lubumbashi anayeishi Brussels, nikamsimulia. Alicheka. Akasema, "Ndugu, hata matusi yetu walitunyang'anya wakawapa Waangola."

Nimeendelea kununua. Wapo walioniuliza kwa nini, na jibu langu halijawahi kuwaridhisha: kwa sababu ya mchoraji E. T. Coelho.

Lakini kwanza nieleze namna nilivyoliwa, maana kuna vijana wetu huku wameanza kukusanya vitu hivi. Mwaka wa pili nilinunua kwa mtu mmoja, kwa bei iliyonifanya nile wali mtupu mwezi mzima, juzuu mbili za matoleo yaliyojalidiwa pamoja kwa ngozi nzuri. Nilizipokea, nikazifungua, nikakuta majalada ya nje ya kila toleo yameondolewa kabla ya kujalidiwa, na kurasa za katikati zina madirisha. Madirisha kweli, mraba umekatwa, unaona ukurasa wa nyuma. Magazeti yale yalikuwa yanachapisha "construções de armar", vipande vya kukata na kugundisha: ngome, meli, ndege. Mtoto wa mwaka 1944 alifanya alichoambiwa. Alikata meli yake. Nyuma ya ile meli kulikuwa na nusu ya hadithi.

Tangu hapo sinunui bila kuhesabu kurasa, na naanza na za katikati. Naangalia pini: zikiwa na kutu, karatasi inayozizunguka imeshaoza na ukurasa wa kati utakutoka mkononi. Naogopa selotepu kuliko panya. Panya hula pembe akaondoka, selotepu huacha ukanda wa kahawia usiotoka, na maneno yaliyo chini yake yanakufa polepole. Nayaweka yamelala, si yamesimama, kwenye boksi la karatasi mbali na ukuta wa nje, kwa sababu nyumba za Amadora, mji wa kando ya Lisbon, wakati wa baridi zinatoa jasho na kuvu haina haya. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi ilikuwa adimu na mbaya, kwa hiyo matoleo ya miaka hiyo nayageuza kwa viganja viwili kama ninavyogeuza chapati ya kwanza.

Eduardo Teixeira Coelho alizaliwa Angra do Heroísmo, visiwa vya Azores, mwaka 1919. Alichora O Mosquito akiwa kijana, baadaye akaondoka Ureno, akachorea magazeti ya Ufaransa, akafa Florence mwaka 2005. Mtu huyu akichora kamba inayovutwa, unaona nani anavuta kwa nguvu na nani anajifanya. Migongo ya mabaharia wake ina uzito. Mimi ni mtu wa kusini, upande wa bara, bahari niliijulia Mtwara nikiwa na miaka kumi na mbili, lakini nimeona vijana wakipandisha mashua ufukweni, na ule mkunjo wa kiuno anaoutia Coelho sijauona kwa mchoraji mwingine.

Kazi yake kubwa humo ni "O Caminho do Oriente", Njia ya Mashariki, maneno ya Raul Correia, iliyotoka kwa mfululizo kuanzia 1946 hadi 1948. Inamfuata kijana Simão Infante kwenye merikebu za Vasco da Gama. Mnaona linakoelekea. Merikebu zile zilikuwa zinakuja kwetu.

Nilikusanya kwa miaka mitatu, toleo moja hapa, mawili pale. Nikawa na Lisbon, nikawa na dhoruba, nikawa na sehemu kubwa ya safari ya kusini. Halafu pengo. Fungu la matoleo yanayofuatana silipati, si gulioni, si kwa wauza vitabu, na yaliyo baada yake merikebu zimeshaiacha Afrika. Niliyoyakosa ndiyo ya pwani. Kuna siku nilihisi nimefanyiwa makusudi.

Binti yangu alikuwa na miaka saba. Tulikuwa tunasoma pamoja usiku, yeye akisahihisha matamshi yangu kwa ukali wa mtoto aliyezaliwa Amadora. Tulipofika kwenye pengo akadai kinachofuata. Nikamwambia hakipo, akasema basi nisimulie wewe. Kwa hiyo pale ambapo Raul Correia hakuwepo nilisimama mimi, kwa Kiswahili.

Nilimwambia merikebu zilifika Mombasa tarehe 7 Aprili 1498. Nilimwambia mji ulikuwa wa mawe na chokaa, na watu wake hawakushangaa kuona meli, walishaziona za Waarabu na Wagujarati tangu mababu. Nikasita. Kuna shajara ya mmoja wa watu wa Gama mwenyewe, na inasema usiku, nje ya Mombasa, Gama aliwahoji mateka wawili kwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka kwenye ngozi. Mmoja alijirusha baharini mikono ikiwa imefungwa. Mtoto wa miaka saba. Kitanda chenye shuka la samaki. Nikajikuta nakaa kwenye kiti cha yule bwana wa tai, mwenye muhuri.

Niliruka. Nikampeleka moja kwa moja Malindi, kwa mfalme aliyewapokea kwa sababu alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, nikamweleza rubani waliyepewa, aliyeijua njia ya kaskazi na kusi, na jinsi walivyong'oa nanga tarehe 24 Aprili na kufika Calicut, India, tarehe 20 Mei. Akauliza rubani anaitwa nani. Nikamwambia watu wanabishana. Akasema ni vibaya kutoandika jina la anayejua njia. Alipofika miaka kumi na mbili nilimsomea habari ya mafuta. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa nini sikumwambia tangu zamani, na sikuwa na jibu zuri.

Yule mzee wa gulioni tulizoeana. Nilikuwa namwita senhor, yeye ananiita kijana, na nilipoanza kuota mvi akaendelea kuniita kijana. Mwaka wa nne au wa tano hivi, siku ya mvua isiyo na wateja, aliniuliza natoka Tanzania sehemu gani. Nikasema kusini, karibu na mpaka wa Msumbiji. Akasimamisha mkono uliokuwa unafunika magazeti nailoni.

"Mto Rovuma?"

"Ng'ambo ya huku."

"Mimi nilikuwa ng'ambo ya kule," akasema. "Mueda. Sabini hadi sabini na mbili."

Mtu wa kwetu haambiwi Mueda ni nini. Ni mahali ambapo tarehe 16 Juni 1960 Wamakonde walikusanyika mbele ya ofisi ya serikali ya Wareno na kupigwa risasi. Bibi mmoja jirani yetu Masasi alikuwa na alama begani kutoka upande ule, alikuwa akituchambulia mihogo tukiwa wadogo. Na huyu mzee aliyekuwa ananipunguzia bei kila Jumamosi alikuwa amekaa huko miaka miwili na bunduki, kwa amri. Nilitaka kuondoka. Mvua ilikuwa kubwa.

Hakuniomba radhi, na mimi sikumtaka aombe kwa niaba ya mtu. Alizungumza habari ya magazeti. Dada yake alikuwa anamtumia kila wiki Tintin, lile la Kireno lililoanza Juni 1968, la "vijana wa miaka 7 hadi 77". Linafika na ndege ya posta, linapita mikono ya bweni zima mpaka linakuwa kitambaa. Kulikuwa na hadithi ya mbio za magari. Toleo moja likaisha dereva yuko kwenye kona, chini limeandikwa lile neno. Lililofuata halikufika. Wenzake wakamzonga yeye, kwa kuwa magazeti yalikuwa yake: ikawaje? Basi akawatungia. Kila jioni kipande. Alisema wawili kati ya wale waliokuwa wanamsikiliza hawakurudi Ureno, na kwao ule mwisho alioutunga ndio mwisho.

"Toleo lenyewe hujawahi kulitafuta?" nikamuuliza. "Unauza magazeti haya miaka yote hii."

Akatikisa bega.

Mimi nililitafuta. Alinitajia rangi ya gari na miezi, ikatosha. Ilinichukua mwaka na nusu, nikalipata Amadora kwenye tamasha la katuni, ndani ya boksi la mtu aliyekuwa anafilisi maktaba ya marehemu baba yake. Euro nne, safi, pini hazina kutu. Jumamosi iliyofuata nilikwenda Santa Clara mapema kabla jua halijashika mawe, nikamwekea mezani.

Alivaa miwani. Aliangalia jalada, akaangalia tarehe, akapitisha kidole kwenye mgongo wa gazeti kama anavyofanya kwa kila gazeti. Hakulifungua. Alilitia kwenye nailoni, akabandika karatasi ya bei, akalipanga na mengine. Euro mbili. Haijafika saa nne akaja kijana mwenye begi la mgongoni, akalichukua pamoja na mengine mawili, na mzee akampunguzia.